Ile i7 unayouziwa ni ya mwaka gani?

Ingia duka lolote la kompyuta hapa Mombasa, iwe Barabara ya Digo au Moi Avenue, uulizie laptopu iliyo kwenye kabati la kioo. Jibu huanza na herufi moja na tarakimu moja. "Hii i5." "Hii i7, boss, chuma hiki." Kisha hufuata RAM, kisha bei, kisha bei ya mwisho. Mwaka wa prosesa hautajwi, na wengi wetu hatuuulizi, maana tumeshakubaliana kwamba saba ni kubwa kuliko tano.

Zamani kutouliza hakukuumiza sana. Sasa kunaumiza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na watumiaji wa kawaida waliojisajili kupata muda wa ziada wamepewa hadi Oktoba 2026 tu. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, haizikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, ukiacha moja moja. Kwa hiyo laptopu mbili za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, zilizopangwa bega kwa bega, zote zimebandikwa stika ya i7, zaweza kutofautiana hivi: moja ingali na miaka ya kupokea masasisho, nyingine imeshafungiwa nje. Kwa kutazama stika peke yake huwezi kujua ipi ni ipi.

Tuanze na prosesa yenyewe. Ni kipande cha silikoni, kidogo kuliko stempu ya barua, kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Ukibonyeza herufi, ukifungua picha, ukicheza video, kila tendo hugeuzwa kuwa hesabu ndogondogo, na prosesa huzifanya kwa mabilioni kila sekunde. RAM ni mahali ambapo kazi ya sasa hivi inatandazwa. Ukizima mashine, inafutika. SSD ndiyo inayohifadhi mafaili yako hata stima ikipotea. Katika laptopu nyingi RAM na SSD huweza kuongezwa na fundi kwa dakika chache. Prosesa haibadilishwi: kwa zaidi ya miaka kumi sasa, prosesa za laptopu karibu zote huchomelewa kwenye bodi. Ukikosea RAM utaongeza mwezi ujao, ukikosea prosesa utakaa nayo mpaka uuze mashine.

Feri ngapi, safari ngapi, magari mangapi

Mtu wa Likoni atanielewa haraka nikisema prosesa ni kama huduma ya feri pale kivukoni. Ukitaka kujua ni magari mangapi yatavuka kwa saa moja, inabidi uulize mambo matatu kwa pamoja: feri ngapi ziko majini, kila feri inavuka mara ngapi, na inabeba magari mangapi kwa safari moja.

Idadi ya feri ndiyo idadi ya viini. Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi kivyake. Prosesa yenye viini vinne ina mashine nne za hesabu ndani ya kipande kimoja. Idadi ya safari ndiyo ile gigahezi inayoandikwa GHz. Nayo idadi ya magari kwa safari moja, ambayo haiandikwi popote kwenye stika, inategemea ufundi wa usanifu, yaani prosesa ni ya kizazi gani.

Hilo la tatu ndilo linalovuruga hesabu za watu. Mwaka 2004 Intel ilikuwa na Pentium 4 iliyofika 3.8 GHz. Mwaka 2017 ikatoa i5-8250U, ambayo huanzia 1.6 GHz na kufika 3.4 ikijitahidi. Kwa anayetazama gigahezi tu, ile ya kale inashinda. Kwa kazi halisi haioni ndani: ile ya 2017 ina viini vinne badala ya kimoja, na kila kiini kinamaliza mengi zaidi katika kila mzunguko. Feri yake ni pana. Gigahezi zinafaa kulinganisha prosesa mbili za familia moja na mwaka mmoja, basi.

Wengine hukimbilia viini: vinane ni bora kuliko vinne, na mjadala umekwisha. Lakini lori moja lenye mzigo usiogawanyika litapanda feri moja tu, hata zikiwa kumi zinasubiri. Programu nyingi za ofisini ziko hivyo. Kasi yake inategemea nguvu ya kiini kimoja. Viini vingi vinafaa pale kazi inapogawanyika, kama kutoa video ya harusi ya saa mbili, au kufungua vichupo thelathini vya kivinjari huku mkutano wa Zoom unaendelea.

Tena viini vyenyewe siku hizi havilingani. Kuanzia kizazi cha 12, Intel huchanganya viini vikubwa vyenye nguvu na vidogo vinavyookoa umeme. Ukiambiwa i5-1235U ina viini kumi, ni kweli, ila ni viwili vikubwa na vinane vidogo: feri mbili na boti nane. Boti zinavusha watu, naam, lakini usizihesabu kama feri.

Utakutana pia na neno nyuzi. Kiini kimoja kikiwa na nyuzi mbili, kinapokea foleni mbili za kazi ili kisikae bure foleni moja inaposubiri. Hakizai nguvu maradufu. Muuzaji akikwambia "hii ina nane", muulize nane za nini.

Saba inayoshindwa na tano

Intel ilileta majina ya Core i7, i5 na i3 kati ya mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2010. Tarakimu hizo hupanga prosesa za kizazi kimoja, za aina moja: i3 chini, i5 katikati, i7 juu, na baadaye i9. Hazikuwekwa ili kulinganisha mwaka huu na mwaka ule. Ukizitumia hivyo zitakudanganya, na hapa kwetu, ambako laptopu nyingi zinazouzwa zimeshatumika kwingine, tunazitumia hivyo kila siku.

Chukua i7-7500U ya 2016 na i5-8250U ya 2017. Umepita mwaka mmoja tu. Ile i7 ina viini viwili. Ile i5 ina vinne. Katika kazi nzito i5 inaiacha i7 mbali, na juu ya hapo ndiyo inayokubaliwa na Windows 11. Ukitaka mfano mkali zaidi, weka i7-6600U, yenye viini viwili, karibu na i3-1215U ya kizazi cha 12, yenye viini sita, viwili vikubwa na vinne vidogo. Hapo i3 ndiyo ya kuchukua, bila mjadala, lakini dukani i7 ndiyo inayovuta macho.

Mruko ule kati ya kizazi cha saba na cha nane haukuwa wa kawaida. Kwa miaka mingi laptopu nyembamba zilibaki na viini viwili, i5 na i7 vilevile. Mwaka 2017 AMD, mshindani wa Intel, ikarudi ulingoni na prosesa zake za Ryzen, na mwaka uleule Intel ikaongeza viini vya prosesa zake za laptopu nyembamba kutoka viwili hadi vinne. Mimi naona ushindani ulichangia. Vyovyote iwavyo, kwa mnunuzi wa ex-UK mpaka uko pale: kizazi cha nane na kuendelea.

Kizazi kinasomwa kwenye nambari inayofuata kistari. i5-8250U ni cha nane. i5-10210U ni cha kumi. Mtego uko kwenye i5-1135G7 na i5-1035G1: tarakimu zake ni nne, kwa hiyo mtu huona "1" akadhani ni ya kizazi cha kwanza. Nambari ikianza na 1, soma tarakimu mbili za mwanzo. 1135 ni cha 11, 1035 ni cha 10, 1235 ni cha 12.

Usitegemee jina la laptopu yenyewe kukupa jibu. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita, hilo liko wazi, na Lenovo T470 ni ya sita au ya saba. Lakini T480, ambayo wengi huichukua wakijua ni ya nane, ilitoka pia na prosesa za saba. Na kuna jambo jingine: mashine ya kizazi cha sita inaweza kuwashwa mbele yako ikaonyesha Windows 11 safi kabisa. Mafundi wanajua njia ya kuruka ukaguzi wakati wa kuiweka. Inafanya kazi, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Kama unatumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, mambo haya hayakuhusu, na hiyo i7 ya zamani yaweza kukufaa vizuri kwa bei ya chini. Mwambie tu muuzaji ukweli huo unapopatana naye.

Herufi ya mwisho, na joto la kaskazi

Herufi inayokaa mwishoni mwa nambari haina mvuto, lakini nikiulizwa naipa uzito kuliko ile i7. U ni prosesa inayotumia umeme kidogo, na ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za ofisi. H ni ya nguvu, inataka feni kubwa na chaja nzito. HX ni zaidi ya hapo. Y, ambayo utaikuta kwenye mashine nyembamba za miaka ya nyuma, ni dhaifu makusudi ili isipate moto. G ikifuatwa na tarakimu, kama G1 au G7, inaeleza uwezo wa michoro uliomo ndani ya prosesa. G7 iko juu ya G1.

Kwa nini herufi hii ina uzito Mombasa kuliko Nairobi? Joto. Prosesa zote za kisasa hujilinda: zikikaribia nyuzijoto 100 hivi hupunguza kasi zenyewe hadi zipoe. Feni haina uwezo wa kutengeneza baridi. Inachofanya ni kupuliza hewa ya chumbani juu ya chuma chenye moto. Prosesa ikiwa kwenye nyuzijoto 95 na chumba kiko 20, pengo ni 75. Chumba hicho kikiwa Majengo mwezi Machi, kaskazi imekaza na hewa iko 33, pengo linabaki 62. Feni ileile, ikizunguka vilevile, inaondoa joto pungufu kwa karibu moja ya sita. Zile video za YouTube za kupima kasi nyingi zimefanyiwa kwenye vyumba vya baridi.

Matokeo yake ni haya: ukichukua i5-8250U na i7-8550U, zote zina viini vinne, nyuzi nane, na zimekadiriwa kwa wati 15. Kinachozitenga hasa ni kwamba i7 inaweza kuruka hadi 4.0 GHz na i5 hadi 3.4, pamoja na kumbukumbu ya ndani (cache) kubwa kidogo. Kuruka huko ni kwa muda mfupi. Kazi ikiendelea dakika kumi ndani ya mwili mwembamba, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, zote mbili zinashuka na kukaribiana. Pesa uliyoongeza kununua i7 imeyeyuka na jasho. Ningeiweka kwenye RAM, kutoka GB 8 hadi 16, na tofauti ungeiona siku hiyohiyo.

Mashine ya ex-UK, zaidi ya hayo, imekuja na vumbi lake na ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kupoza. Kumlipa fundi aifungue, aipulize na abadilishe dawa hiyo kunaweza kukurudishia kasi ambayo ungedhani lazima uinunue. Na usiiweke juu ya godoro, tafadhali. Matundu ya hewa yako chini.

Mpya kwenye boksi

Hapa ndipo wazazi wanapoumia. Mtoto amepata nafasi chuoni, familia imechanga, na uamuzi ni kununua kitu kipya, chenye boksi na warranty, si mtumba. Kinachoingia kwenye bei hiyo mara nyingi ni Celeron, prosesa ya Intel ya ngazi ya chini, kwa mfano N4020: viini viwili, nyuzi mbili, pamoja na RAM ya GB 4 ambayo kwenye mashine nyingi za namna hiyo imechomelewa na haiongezeki. Windows 11 inaikubali, kwa hiyo kwenye karatasi haina dosari. Ukiifungulia vichupo sita na waraka wa Word, utasubiri. Kukubaliwa na Windows 11 kunahusu usalama. Nguvu ni habari nyingine. Ex-UK ya i5 kizazi cha nane, hata ikiwa na michubuko kwenye kifuniko, itamfaa mwanafunzi huyo zaidi kwa miaka yote minne.

Mwaka 2023 Intel iliyaacha majina ya Celeron na Pentium kwenye laptopu mpya. Warithi wake huitwa tu Intel Processor, wakiwa na nambari kama N100. Hiyo N100 ina viini vinne vidogo na ni hatua nzuri kuliko N4020. Kwa kuandika, barua pepe na eCitizen inatosha. Ila usiuziwe kwa bei ya Core.

AMD nayo ina vijitego vyake. Ule uvumi kwamba mashine zake hupata moto na kufa ni wa enzi za kabla ya Ryzen. Leo Ryzen 5 ni chaguo halali kabisa, na mara nyingi bei yake ni laini kwa sababu wanunuzi wanaiogopa. Tatizo ni majina. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7530U zinaonekana kama ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ina viini vinne vya usanifu wa Zen 2, ulioanza 2019. Ya pili ina viini sita vya Zen 3. Katika mfululizo huo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayosema ukweli: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. Tarakimu ya kwanza inaeleza mwaka wa kuingizwa sokoni, haina zaidi.

Intel haikutaka kuachwa nyuma katika kuchanganya watu. Desemba 2023 ilileta Core Ultra, ikaitupa ile herufi i, na hesabu ikaanza upya. Core Ultra 5 125U ni ya mfululizo wa kwanza, Core Ultra 5 225U ni ya pili. Kuna na Core 5 120U isiyo na Ultra, ambayo ndani yake ni usanifu wa awali uliopewa jina jipya. Zote ni nzuri kwa kazi za kawaida. Stika ya AI usiilipie ziada bila kujua unalipia nini. Prosesa za Core Ultra zina sehemu maalumu ya hesabu za akili mnemba, lakini Microsoft, kwa mashine inazoziita Copilot+, inataka sehemu hiyo ifikie operesheni trilioni 40 kwa sekunde, na Core Ultra za mfululizo wa kwanza hazifiki. ChatGPT haihitaji chochote kati ya hivyo. Hesabu zake hufanyika kwenye kompyuta za mbali, wewe unatumia bando tu.

MacBook zenye prosesa za Apple, kuanzia M1 ya Novemba 2020, hazina i5 wala i7 na hupoa vizuri. Ile Air haina hata feni. Laptopu za Snapdragon X zilizotoka 2024 hukaa na chaji muda mrefu, lakini mwenye cyber aulize kwanza kama printa na skana zake zina programu zinazolingana nazo.

Sasa, nani achukue nini? Anayeandika, kusoma na kujaza fomu za KRA: i5 kizazi cha nane au zaidi, au i3 kizazi cha 11 na kuendelea, yenye U, RAM GB 8 kwa uchache, na SSD. Stima ikikatika, U itakusogeza mbali zaidi kwa betri. Anayepiga picha na video za harusi ndiye pekee katika orodha hii ninayemwambia atafute H, RAM GB 16, na kadi ya michoro ikiwa mfuko unaruhusu. Yeye akubali pia uzito na kelele za feni, na afanye kazi penye kiyoyozi. Mwanafunzi wa uhandisi pale TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, anayechora kwa AutoCAD yuko katikati: kizazi cha 11 au 12, GB 16, na asisumbuliwe na i7.

Ukifika dukani, mwombe muuzaji aiwashe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, kisha CPU. Jina kamili la prosesa liko juu kulia. Idadi ya viini na nyuzi iko chini yake. Stika huhamishwa, maandishi haya ni vigumu zaidi kuyachezea. Cheza video kwa dakika kumi huku ukurasa huo uko wazi, mkono ukiwa karibu na tundu la hewa: kama kasi inaporomoka chini ya 1 GHz na feni inalia, mashine inataka usafi, na hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei. Mkielewana, risiti iandikwe nambari yote, i5-8350U au iwayo, pamoja na RAM na SSD. Risiti inayosema "laptop i5" haitakusaidia siku utakapoirudisha.